Mwaka Sekela Alipoitwa Saskia

Habari za kurudi kwa Mama Marika zilinikuta uani kwangu hapa Vwawa, nikichambua maharage. Simu ilikuwa ya Mzee Lameki, mzee wa kanisa kule Ihanda, ambaye siku hizi macho yamemwishia na kwa sababu hiyo huongea kwenye simu kwa kupaza sauti, kana kwamba asiyemwona hamsikii. "Mwalimu Debora," akasema, "yule mama wa Uholanzi amekuja. Amezeeka sana. Bwana Pita ameshafariki. Sasa anamtafuta mtoto wake." Nikamwuliza, mtoto wake yupi? Mzee akajibu kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama bado anayo: "Si ni Sekela, mwalimu. Kwani wewe unamjua mwingine?"

Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikaendelea na maharage yangu, mpaka nikagundua kwamba natupa punje nzima na kubakiza kokoto. Nimeambiwa mara nyingi, hasa na watu wa kanisani, kwamba uchungu hupoa wenyewe ukiuacha. Wangu haukupoa. Uliganda tu, kama uji uliosahauliwa sufuriani, na Mzee Lameki aliposema "mtoto wake" nilisikia kama mtu ameuchokoa kwa mwiko. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote ya kazi. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Lakini mtu akiniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe hivi nilivyo, mgumu wa kushukuru na mwepesi wa kutilia shaka mtu anayetabasamu sana, sitaji mwaka wa ndoa wala wa msiba. Nataja mwaka ule niliokaa Ihanda katika nyumba ya Wazungu wawili waliokuja kutuhudumia.

Habari za ukoo wetu nitaziacha, anayezijua anazijua. Inatosha kusema sisi ni watu wa Hasamba, wa kahawa na mahindi, na kwamba wakati huo Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, tukihesabiwa Mbeya. Dada yangu mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka Tunduma akiwa wa kubebwa, kama walivyorudishwa wengi siku zile, na hakuinuka tena. Alituachia binti ambaye alikuwa hajasimama vizuri, jina lake Sekela. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori yaliyokuwa yakivuka kwenda Zambia. Tulilijua jina lake moja tu, na hata hilo hatukuwa na hakika nalo. Kwa desturi yetu mtoto wa dada yangu hakuwa "mpwa" wala sijui nani. Alikuwa mwanangu, na mimi mama yake mdogo, ingawa nilikuwa msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne na ambaye bado alikuwa akicheka hovyo kwenye mazoezi ya kwaya.

Mtoto akaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyepesi, rangi ya majani makavu ya mahindi, na uso ukawa wa mtu mzima aliyechoka na maneno. Mama yangu akasikia kwamba pale Ihanda kuna mke na mume kutoka Uholanzi, wametumwa na kanisa dogo la mji wao, na kwamba yule mke ni nesi anayepokea watoto wa namna ile barazani kwake bila kumfukuza mtu. Tukaenda. Yeye alimbeba mtoto, mimi nikabeba ndizi za kumpa mwenyeji, maana haiendwi mikono mitupu. Nakumbuka Mama Marika, mwanamke mrefu mwenye shingo iliyochomwa na jua, alivyopiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya mama yangu, akamvua mtoto nguo iliyolowa uharo bila kukunja uso hata kidogo. Mimi niliona hilo, na sitalificha leo eti kwa sababu nina hasira. Mtoto yule angekufa. Wengine walikufa mikononi mwake, nikamwona analia jikoni huku ameegemeza kichwa kwenye kabati la vyombo. Na mumewe, Bwana Pita, fundi mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliteremsha maji ya chemchemi kwa mabomba hadi karibu na shule, na maji hayo yanatoka mpaka leo. Hiyo ndiyo taabu ya habari hii. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangekuwa watu wabaya.

Siku hiyohiyo, aliponisikia nikimfasiria mama maneno yake kwa Kinyiha, Mama Marika alinishika mkono akasema, "Wewe utakaa hapa. Nakuhitaji." Nikakaa. Nilikuwa mkalimani wake barazani asubuhi, na mchana mpishi wake, na nilikubali kwa moyo mweupe kwa sababu Sekela naye alibaki pale. Nyumba yenyewe iliwahi kuwa ya mfanyabiashara wa kahawa. Ilikuwa na sebule yenye meza ndefu na vitabu, kisha chumba chao wenyewe kilichotazama migomba, kisha kichumba cha katikati walimoweka dawa na mablanketi, na nyuma kabisa, kupita jiko na stoo, chumba changu. Fundi wa Vwawa alitengeneza kitanda kidogo chenye fito pembeni ili mtoto asianguke. Kitanda hicho kiliwekwa chumbani mwao, upande wa Mama Marika, karibu kiasi kwamba aliweza kunyoosha mkono akiwa amelala na kumgusa mtoto tumboni. Nilifurahi. Nilidhani huo ndio uuguzi.

Sekela alipona mbele ya macho yetu. Kwanza miguu ikanywea, kisha akaanza kucheka, kisha akasimama kwa kushika mguu wa meza na kuachia. Walimtengenezea kiti kirefu, akawa anakula nao mezani: viazi vilivyopondwa kwa maziwa, karoti, mkate niliouoka mimi kwa kufundishwa, na juu ya mkate punje ndogo za chokoleti zilizokuja kwenye vifurushi kutoka kwao. Hizo punje alizipenda kuliko kitu chochote duniani. Alizilamba kwenye vidole kimoja kimoja, na Bwana Pita, ambaye sikuwahi kumwona akicheka na mtu mzima, alikuwa akijipaka chokoleti puani makusudi ili mtoto amfute. Jina la Sekela liliwashinda kulitamka kwa lafudhi yetu, au walisema linawashinda, wakaanza kumwita Saskia. Mwanzoni ilikuwa utani. Baada ya muda akawa haitiki akiitwa Sekela. Siku moja nilikuwa namwimbia kwa Kinyiha huku namwogesha, Mama Marika akaja akasimama mlangoni, akanisikiliza, akaniambia kwa upole wake wote: "Debora, tafadhali, lugha chache. Kiholanzi na Kiswahili zinatosha. Asichanganyikiwe." Nikaacha kuimba.

Mama yangu alikuja kumchukua wakati wa baridi, mahindi yalipokuwa yameshavunwa na chakula kipo. Alikuwa amevaa sweta la marehemu dada, na mkononi alikuwa na kitenge kipya cha kumbebea mjukuu wake. Alimkuta Sekela sebuleni akiwa na soksi nyeupe, akicheza na vibao. Alimwita. Mtoto akamtazama, akakimbilia kwenye sketi ya Mama Marika na kujificha. Mama akacheka kama wachekavyo watu walioumia, akasema kwa Kinyiha kwamba watoto ndivyo walivyo, atamzoea njiani. Ndipo Mama Marika aliponigeukia, akaanza kusema kwa Kiingereza, nami nikawa nafasiri. Kwamba mtoto bado anahitaji maziwa kila siku. Kwamba kifua chake ni dhaifu. Halafu akasema, "Mwambie mama yako, lakini kwa heshima, kwamba nyumba yake ina moshi. Mtoto huyu hawezi kulala kwenye moshi."

Nilisimama kati ya wanawake wale wawili na maneno hayo mdomoni. Nikayasema. Nilimwambia mama yangu mzazi, kwa lugha aliyonifundisha yeye, kwamba nyumba yake haifai kulala mtoto. Hakukasirika haraka. Alikunja kitenge chake vizuri, pembe kwa pembe, kisha akasema, "Mwambie kwamba moshi huohuo ndio uliomlea huyu anayemsaidia kusema." Mama Marika akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamfasiria neno kwa neno, bila kupunguza. Akatabasamu, akamgusa mama begani. Alidhani ni methali.

Mama yangu hakurudi nyumbani na mtoto. Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Wiki chache baadaye Mama Marika akamwita tena, safari hii akiwepo Mzee Lameki, ambaye macho yake yalikuwa bado mazima, na wakaketi sebuleni wote kwenye viti. Mama Marika alisema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, hakutaka nimsaidie: "Mimi na Pita hatuna mtoto. Mimba zilitoka, zilitoka, daktari alisema basi. Huyu atakuwa binti wangu. Atasoma kwetu. Kila mwaka tutamleta kumwona bibi. Naahidi mbele ya Mungu." Bwana Pita alikuwa dirishani, mikono nyuma. Hakusema kitu, na sisi tulichukua kimya chake kuwa ni kukubali, kama ilivyo kwetu. Mama aliomba siku za kufikiri. Aliongea na ndugu zake. Nilisikia mjomba mmoja akisema mtoto amepata bahati, msimzibie, na mwingine akisema mtoto si mbegu ya kahawa hata umpe jirani akapande. Mwisho mama akaja na kuku mweupe na unga wa ulezi. Alimweka Sekela mapajani, mtoto akijinyonganyonga, akamwombea kwa Kinyiha kirefu, akimtaja dada yangu kwa jina, akimwambia marehemu asihuzunike. Mzee Lameki akaitikia amina. Njia nzima ya kurudi, watu waliokutana naye waliniambia baadaye, mama alikuwa akilia kwa sauti kama anayetoka makaburini. Alimaliza msiba wake hapo. Ndivyo alivyokuwa: jambo likishaamuliwa, analilia mara moja, kisha anarudi shambani.

Nikaona amani imekuja nyumbani mle. Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na nikiikumbuka sasa ndiyo inayoniuma zaidi. Jioni Bwana Pita alikuwa akisoma kwa sauti na mkewe akishona, na mtoto akiwa chini kwenye zulia anajizungumzia Kiholanzi. Alimwita Mama Marika "mama", na mimi akaniita "Debo". Nilijiambia si kitu. Nilijiambia atakapokuwa mkubwa, amesoma, ataelewa mama mdogo ni nani.

Siku moja nikiwa nakaanga vitunguu, Mama Marika alitoka mbio jikoni akashika mdomo. Siku ya pili vilevile. Mimi sikuwa mtoto, nilielewa kabla hajasema. Walisubiri hadi walipokuwa na hakika, kisha wakatangaza mezani, katika sala ya chakula: Mungu amejibu. Bwana Pita alilia waziwazi, mabega yakitikisika. Nami nilifurahi kwa kweli, nikapika chapati siku ile, tukaimba, na Sekela alipiga makofi kwa sababu wote tulikuwa tunapiga makofi.

Kisha kitanda kikaanza kuhama. Kwanza kilitolewa chumbani mwao kikapelekwa kichumba cha katikati, kati ya dawa na mablanketi, kwa sababu Mama Marika hapati usingizi. Mtoto alilia, wakasema atazoea. Haikupita muda, Bwana Pita akakibeba mwenyewe hadi chumbani kwangu nyuma ya stoo, akasema ni kwa muda, mkewe anahitaji utulivu. Kiti kirefu kikabaki mezani, lakini mara nyingi nikaambiwa nimlishe mtoto jikoni mapema ili wao wale taratibu. Punje za chokoleti ziliisha, na kifurushi kilichofuata kilikuwa na nguo ndogondogo nyeupe tu. Hakuna aliyemkemea mtoto. Hakuna aliyemnyima kitu. Alikuwa akienda kuegemea goti la Mama Marika, na mkono ukawa unakuja kichwani pake kama zamani, ila sasa ulikuwa unapapasa mara moja na kurudi tumboni kwa mwenyewe.

Halafu wakaja wageni kutoka kwao, na mmoja alikuwa Mwingereza, kwa hiyo siku hiyo mezani walizungumza Kiingereza. Niliingia na bakuli la viazi wakati yule Mwingereza akiuliza, "Na huyu mdogo? Mtaondoka naye?" Nilisimama pale na bakuli mkononi. Bwana Pita akapangusa midomo kwa kitambaa, akasema walikuwa wameliomba sana jambo hilo. Akasema mtoto ana ndugu zake. Akasema si haki kumng'oa, ni vizuri mtoto akue katika utamaduni wake. Wageni wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akasema huo ni uamuzi wa hekima. Nikamtazama Mama Marika. Alikuwa anatazama sahani yake, anasukuma karoti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikaweka viazi mezani, nikatoka. Moshi wa nyumba ya mama yangu, uliokuwa hatari kwa kifua cha mtoto wakati wa baridi, sasa ulikuwa umegeuka utamaduni.

Nilisubiri aniambie mwenyewe. Aliniambia jikoni, huku amenipa mgongo, akipanga vikombe ambavyo nilikuwa nimeshavipanga. "Wewe ni anti yake, Debora. Anakupenda. Hatakosa upendo." Nikamjibu kwa Kiswahili, "Mama, uliahidi mbele ya Mungu." Akasema, "Najua." Nikamwuliza ni nani atakayemweleza mtoto. Akasema, "Bado mdogo. Haelewi."

Waliondoka asubuhi yenye ukungu, gari limekuja kutoka Mbeya, kwaya imesimama barabarani kuwaimbia. Watu walileta mayai, kahawa, mikeka. Mzee Lameki aliwaombea safari njema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maneno asiyoyapenda. Sekela alikuwa amevaa viatu vyake vyekundu na sweta. Hakuna aliyemvisha kwa ajili ya safari. Aliona masanduku yanatoka, akavileta viatu mwenyewe, nikamfunga kamba. Mlango wa gari ulipofunguliwa alipanda wa kwanza, akakaa katikati, akaweka mikono mapajani kama alivyofundishwa. Bwana Pita alimtoa. Alimbeba vizuri tu, akamleta mikononi mwangu, na hapo ndipo mtoto alipoelewa. Alipiga kelele kwa Kiholanzi, akaniuma begani kupitia nguo. Bwana Pita alipunga mkono dirishani. Mama Marika hakugeuza shingo. Kwaya iliendelea kuimba hadi gari lilipopotea, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Nilimpeleka Hasamba siku ileile. Mama alikuwa anatwanga. Alituona tunaingia uani, akauacha mchi ndani ya kinu, akasimama. "Nilishamzika huyu," akasema. Kisha akanawa mikono, akaja kumchukua.

Nimefundisha watoto wengi neno la kwanza kusoma, na mara nyingi ni "mama". Kila ninapoliandika ubaoni huwa nakumbuka kwamba Waholanzi nao husema hivyohivyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya nyumbani kwetu. Mtoto aliita "mama", na wanawake wa uani, mama yangu, mimi, wake wa wajomba, tukaitika wote, na kila aliyeitika alitazamwa na kukataliwa. Kinyiha hakukijua. Ugali hakuula. Aliwaongelea kuku kwa lugha ambayo hakuna mtu kutoka Vwawa hadi mpakani angeweza kuijibu. Barabara iko mbali kidogo na nyumba yetu, lakini gari likipanda mlima unalisikia, na kila liliposikika aliacha alichokuwa anafanya, akakimbia, viatu vyekundu kwenye vumbi, hadi kwenye ua wa minyaa, akasimama pale hadi mlio uishe. Alirudi polepole. Miguu ikaanza kuvimba tena. Mwaka ule nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha ualimu. Sikwenda, nilikwenda baadaye, nilipoomba upya. Nililala naye, nikamwimbia zile nyimbo nilizoambiwa niziache, na mama alimtafunia kande kwa meno yake mwenyewe na kumtilia mdomoni kidogokidogo kama ndege, mpaka siku moja akameza.

Wakati wa kuchuma kahawa lilipita gari, tukiwa wote shambani. Sekela alikuwa chini ya mti anachezea matunda mekundu. Hakuinua kichwa. Mama akanigusa kiwiko, uso umejaa furaha, akanong'ona, "Umeona? Amefika nyumbani." Nami nilitikisa kichwa kukubali, kisha nikaenda kwenye mstari mwingine wa miti ili wasinione. Sikuona kama amefika. Niliona kama ameacha kutumaini, na ni mdogo mno kwa kazi hiyo.

Krismasi ilikuja kadi yenye picha ya mtoto wao wa kiume. Baadaye hakikuja kitu.

Mama Marika huyo ndiye aliyerudi sasa anamtafuta mtoto wake. Nilimpigia Sekela. Yuko Tunduma, ana duka lake la mchele wa jumla, ana watoto wawili na sauti ya kuamrisha vijana wa mizigo. Wateja wake wengi wanatoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, na nilipompigia nilimsikia akimsalimu na kumshukuru mmoja kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo, natotela," kisha akanirudia. Nikamweleza. Akauliza, "Mama, anataka nini?" Nikasema anataka kukuona. "Basi aje anione. Mimi si wa kufichwa."

Tulikutana sebuleni kwangu. Nilipika wali na kuku, maana mgeni ni mgeni. Mama Marika aliingia kwa fimbo, amepungua kama nguo iliyofuliwa sana, nywele nyeupe kabisa, na dereva aliyemshika kiwiko akarudi kumsubiri kwenye gari. Alinikumbatia, nikakumbatiwa. Kisha akamwona Sekela amesimama karibu na dirisha, mwanamke mzima mwenye mwili wake na kilemba chake, akasema "Saskia", na fimbo ikamponyoka. Sekela akaiokota, akampa. "Shikamoo, mama." Mgeni akaongea Kiholanzi, sauti nyembamba, maneno ya kumwambia mtoto mdogo. Sekela akanigeukia. "Anasemaje?"

"Sijui," nikasema. "Hata wakati ule sikukijua."

Mama Marika akarudi kwenye Kiswahili, kilichokuwa kimebaki vipande. "Hunikumbuki? Hata kidogo? Nyumba? Pita?"

"Hapana, mama. Nilikuwa mdogo."

Nikaona mabega ya yule mzee yakishuka. Akafumba macho, akashika mikono ya Sekela. "Asante Mungu," akasema. "Miaka yote naogopa. Pita alisema, watoto husahau. Alisema kweli."

Sikukusudia kusema kitu. Nilikuwa nimeapa nitapakua chakula na kuwasindikiza. Lakini nilipoona ule uso umepata nafuu, umepumzika sebuleni kwangu, nilikaa mbele yake nikamweleza, kwa Kiswahili cha taratibu ili neno lisimpite, juu ya "mama" na wanawake wa uani, juu ya miguu iliyovimba tena, juu ya magari na viatu vyekundu na ua wa minyaa. Nilimwambia kwamba mama yangu alikufa bila kulitaja tena jina la Mama Marika. Alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalimtoka bila sauti. "Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Sekela alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, ananitazama mimi. "Hilo la magari hujawahi kuniambia," akasema. Nikamjibu kwamba sikuona faida yake. Akainuka, akapakua wali, akampa mgeni kwanza, akamtolea mifupa kwenye kuku kwa sababu aliona mikono inatetemeka. Tulikula. Mgeni alimwuliza habari za watoto wake, akajibiwa. Simu ya Sekela ikaita, mzigo ulikuwa mpakani unasubiri, akasema lazima aondoke.

Mama Marika akatoa simu yake mkobani. "Picha moja," akaomba. "Mama na binti. Nimwonyeshe mwanangu." Akanyoosha simu kwangu, mimi ndiye niwapige, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kuipokea kwa mazoea ya zamani. Sekela aliifikia kwanza. Akaifungua mahali pa picha, akairudisha mkononi mwa yule mzee, akamwonyesha kwa kidole: "Hapa, mama. Unabonyeza hapa." Kisha akaja nyuma ya kiti changu, akainama, akanizungushia mikono shingoni, shavu lake kwenye kilemba changu.

Mama Marika aliitazama simu, akatutazama sisi, akaelewa. Kisha akaiinua kwa mikono miwili, akatupiga picha.

Sekela alijirushia picha hiyo kabla ya kutoka, na jioni akanitumia. Imekaa upande, na kona moja imeingia kidole cha mpigaji. Sisi wawili tunaonekana vizuri.